Gracien Anasema

…na sasa, Kasonia akimaliza kucheka tu, kabla Siméon hajaanza, hapo katikati patakuwa na nafasi, ndogo, lakini inatosha kuingiza maneno machache, mwezi ujao ni kwangu, basi, hakuna zaidi, mtoto wa shule ya chekechea angeyasema huku anakula, lakini Kasonia hamalizi kucheka, anacheka huku anaendelea kusema, kicheko kinageuka kuwa neno jingine, na neno hilo ni la barabara ya Beni na lori lililolala kwenye matope tangu Ijumaa, na Gracien anafunga mdomo uliokuwa umeanza kufunguka, anaugeuza kuwa tabasamu, ili kama kuna mtu aliyekuwa akimtazama aone mtu anayetabasamu, si mtu aliyejaribu kusema akashindwa. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Wengine huingia katika mazungumzo kama watu wanavyovuka barabara pale sokoni, pikipiki zinatoka kila upande na wao wanatupa mguu tu, hata hawaangalii, na pikipiki zinawakwepa, lakini yeye tangu utoto husimama ukingoni akingoja barabara iwe tupu, na barabara ya Butembo haiwi tupu, utangoja pale mpaka soko lifungwe… "Nilimuambia dereva," Kasonia anasema, "nikamuambia, mon frère, ile shimo unaiona? Ananijibu, patron, ninaiona muzuri sana. Na akaingia ndani!" na Mathe anapiga paja lake kubwa, na Siméon anatingisha kichwa kwa ule upole wa walimu, na Gracien anacheka pia, amechelewa kidogo, anajisikia amechelewa, kicheko chake kinabaki peke yake hewani baada ya vicheko vya wengine kushuka, hivyo anakigeuza kuwa kikohozi. Ni sebule ya Mathe, mtaa wa Kimemi, Jumapili baada ya ibada, tai bado zipo shingoni, mafungu ya mabati anayouza Mathe yanaonekana kupitia dirishani yamepangwa uani chini ya turubai, na huko nyuma jikoni Virginie, mke wa Mathe, pamoja na wake wa wale wawili wanapigana na sombe la majani ya muhogo ambalo halijaiva, harufu inafika hapa, mawese na samaki wa chumvi, chakula kinakuja, kinakuja, amesema Virginie mara mbili akipitisha kichwa mlangoni, na kikija itakuwa ni kunawa mikono, ni sala, ni kula, na wakati wa kula hakuna anayepanga mambo, kwa hiyo ni sasa, kabla ya chakula, neno lake lisemwe sasa au basi. Walianza zamani, wote wanne, wakiwa bado chuoni na vyumba vya kupanga visivyo na viti, Jumapili moja kila mwezi chakula kwa mmoja wao, wakaita jambo lenyewe tour, wakaoa na tour ikaendelea, na mpangilio wake haukuandikwa popote lakini kila mtu anaujua kama anavyojua jina lake, kutoka kwa Mathe ni kwa Gracien, kutoka kwa Gracien ni kwa Siméon, kutoka kwa Siméon ni kwa Kasonia, na tena kwa Mathe. Agar, mke wa Gracien, alipokufa waliiruka nyumba yao, na ilikuwa sawa, mtu aliye kwenye msiba hapokei wageni, aliwashukuru moyoni. Zamu ilipozunguka na kurudi wakamruka tena, Siméon alisema tumuache apumue kwanza, naye akajiambia, ndiyo, napumua. Lakini sasa kilio kimemalizwa, familia ya Agar huko Beni ilichinja mbuzi, ikaita watu, ikamwambia mbele yao wote kwamba ameachwa huru, na leo ni kwa Mathe, na baada ya Mathe ni… kila mtu anajua baada ya Mathe ni nani. Jana alifua mapazia. Alizungumza na Mama Tamar, jirani, ambaye alikubali kuja kupika, hata alifurahi, alisema, nyumba ile inahitaji moshi, Papa, na Gracien alisimama sebuleni kwake akitazama viti na kuviona viti, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kama vitu vinavyoweza kukaliwa… "Sivyo, Gracien?" Nani amesema? Mathe. Sivyo nini? Wanamtazama. "Ni vile," anasema Gracien, na inaonekana hilo lilikuwa jibu linalofaa, kwa sababu Mathe anamgeukia Kasonia akisema, "Unaona? Ata Gracien anakubali, kakao ya Mutwanga haifikiye ile ya Oicha," na Gracien anagundua kwamba amekubali jambo ambalo halijui, mapigo ya moyo yamepanda mpaka shingoni, na nafasi ilikuwa pale, pale pale, uso wa kila mmoja ulikuwa umemgeukia, angeweza kusema, ni vile, na kuhusu mwezi ujao… lakini nyuso zote zikimgeukia maneno hutoka kichwani mwake kama kuku wanavyotoka njiani lori likija. Kazini hakuna shida hii. Anaonja kahawa kwa ajili ya watu wanaoinunua, vikombe vimepangwa mezani, unavuta kijiko kwa sauti, unatema, unaandika alama, na asubuhi nzima inaweza kupita bila mtu kuongea, na hakuna anayesema huyu ana majivuno au huyu ana huzuni, anasemwa tu kwamba ana ulimi mzuri, ulimi mzuri, Agar aliicheka sana sifa hiyo. Agar ndiye aliyekuwa ulimi. Hapa, katika sebule hizi, alikuwa akitoka jikoni na kukaa kwenye mkono wa kiti chake, bega lake likigusa bega la mumewe, na Gracien alikuwa akimnong'oneza kitu, nusu ya kitu, naye Agar anainua kichwa na kusema kwa sauti ile yake iliyofika kila kona, "Ngojeni, Gracien anasema hivi!" na wote wananyamaza, wote, hata Kasonia, kusikia Gracien anasema nini, na kilichotoka kinywani mwa Agar kilikuwa kimekamilika, kina chumvi, kina mkia, na wakacheka wakimtazama yeye, si Agar, yeye, naye aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea kusifiwa. Gracien anasema. Miaka yote ya ndoa yake amekuwa mtu anayesema. Halafu siku moja Agar akaenda Beni kumsaidia dada yake katika biashara ya kakao, wiki moja tu, na tension, ile presha aliyoificha kwa kila mtu, ikampiga akiwa amesimama uani akianua nguo, na Gracien alipata simu, akaishika sikioni, na mtu wa upande wa pili akawa anarudia, allô, shemeji, umesikia, shemeji uko pale, na yeye alikuwa pale, amesikia, alikuwa akingoja nani ajibu. Na makaburini walimpa mikro. Mume wa marehemu atatuambia neno moja, ndivyo alivyosema mwongoza shughuli, na Gracien akaishika mikro, ilikuwa imelowa jasho la watu waliotangulia, akaona umati, akaona jeneza, na kitu alichokifanya, anakikumbuka vizuri mno, ni kwamba aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kidogo, upande ambao bega la Agar lilikuwa likikaa, ili anong'oneze. Watu wakalia sana kuona hivyo, walidhani huzuni imemziba koo, na Éliakim, kaka wa Agar, akaichukua mikro taratibu na kusema kwa niaba yake, na lilikuwa neno zuri, hakumbuki hata moja ndani yake… Mathe anafungua soda, Siméon anasema, "Miye asante, nitangojea fufu," na Kasonia anauliza kama katika nyumba hii bukulya, chakula hicho, wanaenda kuipika leo ao wataipika kesho, na sauti ya Virginie inatoka jikoni, "Kasonia, ukisikia njaa kula kiti!" na wanacheka, na hapo, baada ya kiti, hapo… hapana, Mathe ameshaanza. Ni sentensi ndogo. Kama ingekuwa ni ya chakula tu angeiacha ipite, hafi mtu kwa kurukwa, lakini si ya chakula. Kesho yake baada ya mazishi familia ilikaa uani kule Beni, juu ya viti vya plastiki vya kukodi, wakazungumza habari ya Shekinah, mtoto wao wa pekee, wa darasa la pili, wakasema mtoto wa kike anahitaji mwanamke, abaki kwa shangazi, hapana, si shangazi, kwa mama mkubwa, dada ya Agar, na Gracien alikuwa amekaa pale, katikati yao, na ndani yake kulikuwa na hapana kubwa kuliko nyumba, akawa anangoja nafasi ya kuiweka, na Éliakim, mtu mwema, aliitengeneza nafasi yenyewe na kumpa mkononi, alisema, "Shemeji, weye njo baba, uko na neno?" na nyuso zote zikageuka, na yeye akatazama chini, kulikuwa na sisimizi amebeba punje ya wali, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ndiyo, wazee wakasema wasingya, wasingya, wakimshukuru kwa moyo wake mkubwa. Sasa mtoto yuko Beni na yeye yuko Butembo, na kila akipanga kwenda kusema nimekuja kumchukua mwanangu anaona vile viti vya plastiki. Kwa hiyo alijiwekea jambo hili kama mtihani, alilipanga kwa utaratibu, kama anavyopanga vikombe, kwanza dogo halafu kubwa, nikiweza kuwaambia marafiki zangu wa miaka yote, watu wanaonipenda, mwezi ujao ni kwangu, basi nitaweza kuwaambia wengine, na kama siwezi hata hapa… hakumalizia sehemu hiyo alipokuwa anapanga. "Tazama anawaza!" anasema Kasonia. "Ule mutu akinyamazaka hivi ujue iko kitu inaiva. Gracien, tupe moja bwana, tangu zamani haujatupa ata moja." Tupe moja. "Muache," anasema Siméon. "Miye namuacha, lakini yeye asituache! Mathe, unakumbuka ile ya groupe?" Na Mathe anaanza kucheka kabla haijasemwa, kwa sababu inamhusu, alinunua jenereta ya kizamani iliyonguruma mtaa mzima na kuwasha taa moja nyekundu kama jicho la mgonjwa, na Kasonia anaendelea, "Akasema, sikieni, Gracien akasema, Mathe alinunua giza yenye kelele!" Giza yenye kelele, wanairudia, wanaionja, Siméon mwenyewe anafuta macho, na Gracien anatabasamu na kuinamisha kichwa kama zamani, halafu, kwa ule uangalifu wa kazi yake ambao haumwachi hata Jumapili, anaitafuta. Lini aliisema? Anaukumbuka usiku ule, walikuja kwa miguu, Agar alikuwa na kiatu kilichomuuma, njia nzima walizungumza habari ya kiatu, kisha wakafika, jenereta ikanguruma, Agar akakaa kwenye mkono wa kiti, naye akamnong'oneza… alimnong'oneza nini, alisema, kelele inaniumiza kichwa, twende nyumbani. Hilo tu. Na Agar akainua kichwa, akasema, ngojeni, Gracien anasema. "Na ile ya pasteur na saa yake!" anasema Mathe, na Gracien anaitafuta hiyo pia, si yake, "na ile alisema siku Siméon alianguka mu maji na suti," si yake, siku hiyo hakuwa hata na sentensi moja, alikuwa na hofu tu kwamba wataombwa wapige picha, na wao wanaendelea, wanamletea moja baada ya nyingine, kwa furaha, kwa upendo kabisa, na yeye anaonja, anatema, si yangu, si yangu, moja ina harufu yake kwa mbali, neno moja katikati labda aliwahi kulisema, mengine yote ni shamba jingine. Alidhani Agar alikuwa anayabeba tu, anayatoa hapa na kuyafikisha pale. Hakuwahi kufikiri kwamba mkono aliompa ulikuwa mtupu, na kwamba alichowafikishia watu Agar alikuwa akikitengeneza njiani, katika ule umbali mdogo kati ya sikio lake na kinywa chake, miaka yote, bila kumwambia, au labda alidhani anajua. Virginie ameingia. Amesimama mlangoni na kitambaa begani, mikono ina unga, amesikia vicheko na amekuja kuvisikiliza, na vicheko vinaposhuka anasema, si kwa wote, anamsemesha yeye, "Miye ile nitakumbuka haiko ya kuchekesha. Gracien, wakati mama yangu alikufa, batu balijaa mu nyumba, kila mutu anataka nimujibu, na Agar akaniletea neno yako. Akaniambia, Gracien anasema leo usijibu mutu, ata yeye mwenyewe usimujibu." Anashusha kitambaa begani. "Ile neno ilinisaidia. Sikujibu mutu mpaka kesho yake. Sijakushukuruka." Na sebule inanyamaza, wote wanamtazama kwa ule utulivu wa watu wanaojua rafiki yao ni mtu wa namna gani, na barabara iko tupu, ndiyo nafasi yenyewe, pana, hakuna pikipiki hata moja, na Gracien anakumbuka msiba ule wa mama yake Virginie, anakumbuka kwamba alibaki nyumbani, alimwambia Agar nenda wewe, mimi siwezi kukaa na watu wale wote, hakutuma neno, hakuwaza neno, alilala. "Si kitu," anasema. Sauti imetoka kavu. Virginie anatikisa kichwa, anafuta pembe ya jicho kwa mgongo wa mkono wenye unga, anarudi jikoni, na Siméon, mwenye kupenda mambo yawe na utaratibu, anakaa vizuri na kusema, "Bon. Mbele fufu ifike. Mwezi unakuya, tour inakuya kwangu, bibi yangu Hadassa ameshajua." Kisha anageuka, uso wake umejaa huruma, ameiandaa sentensi hii, inaonekana, huenda ameibeba tangu kanisani, yeye pia. "Gracien, haina shida? Ukijisikia kuwa tayari, wakati wowote, weye utatuambia tu. Hakuna anayekukimbiza." Mwezi ujao ni kwangu. Iko pale, mdomoni, imekaa vizuri, mapazia yamefuliwa, Mama Tamar amekubali, hata moyo haupigi sana tena, angeweza kuisema, hilo ndilo jambo la ajabu, kwa mara ya kwanza leo angeweza, lakini anaona watakavyokuja, atawaona wakipanda ngazi na wake zao na vicheko vyao, watakaa kwenye vile viti na kumgeukia, wamngoje yule mtu wa giza yenye kelele, yule aliyejua cha kumwambia mtu aliyefiwa, wao wanakwenda kwa mtu huyo, wamekuwa wakienda kwake miaka yote, ndiye rafiki yao, na katika nyumba ile hakuna mtu kama huyo, yupo mwonjaji wa kahawa. "Haina shida," anasema. Na anaona mabega ya Siméon yakishuka, na Mathe akichukua tena soda yake, na hewa ikirudi sebuleni, walikuwa wameogopa, wema hawa, walikuwa wameogopa angesema niko tayari, kwa hiyo sasa wanaongea kwa haraka zaidi na kwa sauti zaidi, habari ya mvua, habari ya Hadassa na kuku atakaowachinja, na Gracien anabaki ndani ya kelele hiyo akiifuata ile sehemu ya mpango ambayo hakuimalizia, kama siwezi hata hapa, anaimalizia sasa, polepole, hadi mwisho, hadi Beni, hadi uani kwa dada wa Agar ambako Shekinah huwa anaazima simu Jumapili jioni, na wiki iliyopita mtoto alisema, "Papa, mbona haunisemeshe?" na yeye akasema ninakusikiliza, na mtoto akasema, "Lakini zamani ulikuwa unasemaka," na alijikuna kichwa, lini, zamani lini, alikuwa anarudi kazini jioni akikuta mtoto amelala au anakula, akimshika kichwa tu akipita, na nyuma yake, ndiyo, anaisikia, kwa miaka yote aliisikia akidhani ni sauti tu ya nyumba, Agar akiwa jikoni anasema, Papa anasema umeimba vizuri leo, Papa anasema usiogope radi, Papa anasema wewe ndiye jicho lake. Hata kule, basi. Hata kwa huyo. Anakwenda kumchukua nani, amlete kwa nani, kama baba ambaye Shekinah anamngoja huko kwenye simu alikuwa akizaliwa upya kila jioni katika kinywa cha mama yake, na wamemzika pamoja naye bila hata kumtaja… "Tazameni!" Kasonia amepiga makofi, amemnyooshea kidole, na Gracien anagundua kwamba uso wake umefanya kitu, mashavu yamevutwa, meno yanapata baridi, huenda ni kicheko, "Anacheka! Eh, nilibaambia! Muliona? Ule njo Gracien wetu, amerudi!" "Amerudi," anasema Mathe, na anamshika bega, bega la kushoto, analitikisa kwa nguvu, na Siméon anasema Mungu asifiwe, na anamaanisha, na jikoni wanawake wanauliza kuna nini, na Kasonia anawapigia kelele kwamba Gracien amerudi, na fufu haijaja bado, na Gracien anawatazama mmoja baada ya mwingine, nyuso zao zilizoangaza, akiwaonea huruma, kama mtu anavyowatazama watu wanaokula na kuongea ambao simu ya msiba bado haijawafikia.